Kiraka cha Kaizari

Huko Uchina ya kale, wanyama walipokuwa na kaizari wao, alitawala Nyati. Waziri wake wa mavazi alikuwa Tausi, na kazi hiyo ilimtesa, maana Nyati alikuwa na joho moja tu, viraka juu ya viraka. Hariri aliikataa, kodi aliipunguza, na kila masika alifungua msimu kwa kukokota plau yeye mwenyewe.

Siku hiyo ya plau akaja Mbweha, mjumbe wa Chui Milia wa nchi jirani. Tausi akaona haya. "Mgeni amkute mtukufu katapakaa tope? Hata!" Akatandaza mkia wake, akaketi yeye kwenye kiti cha enzi.

Mbweha alimtazama, akatabasamu, akaaga upesi. Tausi akamsindikiza hadi mashambani, na hapo Mbweha akasimama ghafla. Mzee mmoja wa viraka alikuwa akikokota plau, na maelfu ya wanyama wakilima nyuma yake huku wakiimba.

"Yule ni nani?"

Tausi akakunja mkia. "Ndiye Kaizari."

"Afadhali nimepita huku," alisema Mbweha. "Nilipokuona wewe kitini, nilitaka kukimbia nikaite jeshi tuiteke nchi hii. Lakini yule, raia wake watamfia. Bwana wangu nitamwambia alete salamu tu."

Jioni Nyati alirudi, joho limechanika begani. Tausi akamvua joho hilo. Alinyofoa unyoya mkiani mwake, akauchonga uwe sindano, akaanza kushona kiraka.