Kisu Chenye Alama za Nyundo

Fundi Mwinshehe, mhunzi, alimkataza bintiye Salha kuingia karakanani. Basi Salha akaja kama mteja, akanunua kisu kilichopinda, cheusi, ambacho hakijapigwa msasa.

“Kitakushinda hicho,” baba alimwambia.

“Tutaona, baba.”

Nyumbani alikinyoosha, akakipiga tupa, akakipiga msasa, akakinoa, akakitia mpini wa mpingo. Alama za nyundo kwenye mgongo wa kisu hakuzigusa, kwani zilikuwa kazi ya mkono wa baba yake.

Alipokirudisha, baba alikipitisha juu ya mkono wake, vinyweleo vikakatika. Mteja mmoja akasogea.

“Nani kakitengeneza hiki?”

“Sisi wawili,” alijibu Fundi Mwinshehe. Akajisogeza, akaacha nafasi ya mtu mmoja mbele ya fuawe, moto ukiwaka.