Beseni la Bi Mwanahawa

Wajukuu, nitegulieni hiki: hana mdomo, lakini ukimuuliza habari za fundi hakufichi. Ni nani?

Bi Raya alimwendea Bi Mwanahawa, aliyeezekewa nyumba na Fundi Shebe mwaka jana. "Shoga, huyu Shebe kazi anaijua? Mzee wangu hanyanyuki kitandani, sina pa kumhamishia."

Shebe kamwoa binti wa Bi Mwanahawa, na mkwe hasemwi vibaya kwa watu. Mvua ilishakatika, lakini paa la nyumba yake bado lilikuwa likidondosha maji. Bi Mwanahawa akasogeza beseni lilipoangukia tone jipya.

"Niambie tu, mwenzangu. Asubuhi hii ameshaniezulia paa lote."

Nje mawingu yalikuwa yanarudi. Bi Mwanahawa akamwaga maji uani, akalifuta beseni kwa upindo wa kanga, akamkabidhi.

"Hili la mzee," akasema. "Wewe tafuta jingine."