Zamu ya Bi Kazija

Siku hizi ugomvi wa wapangaji haupelekwi kwa mjumbe wala mahakamani. Nyumba yenyewe ndiyo inayoamua, na ukiikaidi, mlango haukufungulii.

Mimi na Salha, ninayeishi naye, tuligombana juu ya kudeki ukumbi. Kila mmoja aliapa kwamba zamu ni ya mwenzake. Tukauuliza ukuta.

"Jana alideki Salha, kesho ni wewe, Raya," ukuta ukajibu kwa upole. "Leo ni Bi Kazija."

"Bi Kazija wa chumba cha nyuma?" Salha akashtuka. "Si tulimzika kabla ya Ramadhani?"

"Alikwenda hospitali bila kuniaga. Asiyeniaga bado ni mpangaji wangu."

"Basi tutamdekia sisi," nikasema kwa hasira.

"Kila mtu na zamu yake."

Tukaenda kazini ukumbi haujadekiwa, tukijua kabisa kwamba tutalala nje.

Jioni mlango ulifunguka. Sakafu ilikuwa bado mbichi, na tambara limekamuliwa, limeanikwa kwenye kamba uani.

Hatujagombana tena. Ikifika zamu ya Bi Kazija tunavua viatu nje, tusije tukamchafulia.