Kidole Kitupu

Tangi la maji lilikuwa limeshavuka ukuta pale mikono ya Makame ilipotoweka. Mwanakheri, aliyekuwa akiendesha kreni, hakuweza kuuona uchochoro wa upande wa pili. Macho yake ya huko yalikuwa glavu za njano za Makame, zilizokuwa zikimwelekeza kutoka juu ya ukuta. Ile ya kushoto, kidole chake cha mwisho kilikuwa kikining'inia kitupu, kwani waya ulikuwa umeshamkata Makame cha kwake.

“Kaenda wapi?”

“Kasikia jeneza linakuja, kavua glavu kaenda kutia bega,” msimamizi alijibu kutoka chini. “Wewe shusha, dada, kabla hawajafika. Huoni upepo huo?”

“Sishushi bila Makame.”

Tangi likaanza kuyumba, minyororo ikalia. Msimamizi akawa anagonga mlango wa kreni na kumwita mkaidi, naye Mwanakheri akaukamata wenzo asiusukume.

Mara glavu za njano zikachomoza juu ya ukuta: shusha, shusha!

“Si huyo karudi!” msimamizi alipaza sauti.

Mwanakheri akashusha pumzi, akausukuma wenzo. Tangi likateremka kama shubiri moja, kisha akalizuia ghafla.

Kidole cha mwisho cha glavu ya kushoto kilikuwa kimejaa.

Akauondoa mkono kwenye wenzo. Tangi likabaki linaning'inia hewani, na chini yake, nyuma ya ukuta, zikapita sauti za wanaume waliobeba jeneza wakimtaja Mungu, ya Makame ikiwa juu kuliko zote.