Gari Limelala Tena

Asubuhi hiyo gari la mgeni lilikuwa limelala ubavu tena, na Mwanahawa alipoliona tu akaingia jikoni kukanda unga wa chapati huku akiimba.

Lilikuwa gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo humohumo, nyumba nzima juu ya magurudumu. Mwenyewe, Mzee Pacifique, Mkongo aliyeishi Ulaya tangu ujana wake, alikuwa akizunguka nalo kutembelea ndugu. Sasa lilikuwa limekwama uani kwa fundi Nurudini, mume wa Mwanahawa, mjini Kasulu. Mzee alitoka ndani akijishika kiuno.

"Fundi, motokari iko nalala tena," alisema. "Nimeamka niko kwenye ukuta."

Nurudini alibeba ndoo yake ya maji ya sabuni akajilaza chini ya gari. Halikuwa na springi za chuma kama malori ya mahindi ya Makere. Lilibebwa na mipira minene iliyojazwa upepo, na upepo ukivuja upande mmoja, gari linainamia hukohuko. Siku zote hizo alikuwa akipaka povu kwenye mipira, kwenye paipu, kwenye kila kiungo, akisubiri kuona wapi panatoa mapovu. Palikuwa palepale: nati ya kuungia paipu, nyuma kushoto. Anaikaza jioni, asubuhi imelegea. Leo akaisukuma ndoo kando. Nati ilikuwa imetoka kabisa, inaning'inia.

Mwanahawa alimchungulia kwa dirisha la jiko. Mwache akome, alijisemea. Bwana huyu alikuwa na wake wawili: yeye hapa Kasulu, na Asmahani, bi mdogo, kule Kibondo. Gereji mbili, nyumba mbili, zamu ya wiki kwa wiki. Mwanahawa alikuwa ameridhia mbele ya wazee, lakini aliridhia kwa mdomo tu. Rohoni alibaki na kijiba ambacho hakikumtoka hata akiwa juu ya msala.

Sasa gari hili lilianza kuugua Kibondo, pale jiwe la barabara ya Murungu lilipokata paipu ya upepo. Nurudini akapiga simu kwamba angechelewa kidogo. Kidogo hicho kikaimeza zamu nzima ya Mwanahawa. Kila akiuliza, jibu ni lilelile: gari la mteja limelala. Na kila mtu anajua, fundi Nurudini haondoki mjini akaacha gari la mtu limelala uani kwake. Ndiyo sifa yake hiyo, na ndiyo inayomletea wateja.

Hatimaye gari likakubali kusimama, akaja nalo Kasulu. Akamwonyesha mkewe kwa kidole ile nati aliyoungia paipu iliyokatika. Eti ndiyo iliyomtesa. Eti inalegea yenyewe.

Yenyewe! Mwanahawa alicheka mpaka akatoa machozi, na hayakuwa ya kicheko. Nati gani hiyo, inayolegea nyumbani kwa Asmahani tu? Mwanamume alikuwa akiilegeza kwa mkono wake mwenyewe, apate kulala kwa yule bi mdogo mwenye mwanya wa meno. Kumbe amemfanya yeye mtoto mdogo.

Basi naye akajifunza ufundi. Siku Nurudini alipofunga begi la kurudi Kibondo, Mwanahawa alisubiri mume aende msikitini kuswali alfajiri, akachukua spana akaingia chini ya gari. Begi likafunguliwa. Kesho yake akarudia, na kesho yake tena.

Raha ilikuwa tamu, asikwambie mtu. Mume alikula kwake, akalala kwake, na simu ya Kibondo ikiita alijibu kwa unyonge kwamba gari la mteja limelala. Lakini jana Mwanahawa alimkuta ameketi juu ya ndoo akitazama viganja vyake. Alisema pengine mikono imeisha, pengine atafute kazi nyingine. Mwanahawa alimmiminia chai. Hata hivyo, alfajiri ya leo alirudi chini ya gari, na kwa pupa ya kumaliza upesi akaizungusha nati mpaka upepo ukafumka na mbuzi wa jirani akaruka.

Chapati zilipoiva, Nurudini hakula. Alikwenda madukani kutafuta nati mpya, Mzee Pacifique akamfuata nyuma. Hawakufika mbali, bajaji ikasimama langoni, akashuka Asmahani na dumu la asali.

Mwanahawa alijifunga kanga kiunoni. Kwa hiyo amefunga safari kuja kumchukua mume, tena mchana kweupe! Maneno aliyoyaweka kwa miaka yalimjaa mdomoni, akawa anachagua lipi litangulie.

Asmahani alichutama akapiga makofi taratibu, salamu ya Kiha apewayo mkubwa. Akauliza hali ya nyumba na watoto. Akauliza alipo baba watoto, akaambiwa yuko madukani, na hata akirudi haendi popote, maana gari la mteja bado limelala.

Bi mdogo hakubishana. Alilitazama gari, akatazama langoni kama kuna mtu, kisha akakusanya baibui lake na kujiingiza chini, upande wa nyuma kushoto. Hakuuliza ubovu uko wapi. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye nati.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "usiwe unaifungua yote hivi, atatushtukia. Mimi kule nilikuwa naipa nusu mzunguko tu."