Karata za Bibi Gitel

Siku ya tatu kati ya zile saba za matanga ya bibi yangu Gitel, mwanamke nisiyemjua aliingia akainama mbele ya mama yangu, aliyekaa kwenye kiti kifupi cha wafiwa.

"Pole, dada. Gitel ndiye aliyemwosha mama yangu."

"Kumwosha vipi?"

"Maiti. Hukujua? Miaka thelathini ameosha wanawake wa sinagogi letu, hapa hapa Melbourne."

Nilibaki nimeshika birika la chai. Miaka yote hiyo, simu ikilia, bibi anavua pete, anafunga kitambaa, anatuaga kwamba anakwenda kucheza karata. Akirudi tunamtania.

"Umeshinda, bibi?"

"Nimefungwa tena. Nipe supu."

Mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Mwongo mkubwa yule. Nami nilimwambia aache karata, hazijui."

"Kazi hii haitangazwi," mgeni alisema. "Unayemwosha hawezi kukushukuru, basi nawe hungoji shukrani."

Mama akanyooka kwenye kile kiti kifupi, akawatazama waliojaa sebuleni. "Mmesikia? Huyo ndiye mama yangu."

Nilikumbuka kucha za bibi, fupi kama za mtoto wa shule, bila rangi hata siku ya harusi yangu. Nilimwambia ananiaibisha.

Mgeni alipotoka, nilimfuata mpaka mlangoni. "Nani amechukua nafasi yake?"

"Bado hatujapata mtu."

Akatazama kucha zangu, ndefu, nyekundu.

Nilirudi ndani, nikamkabidhi shangazi birika, nikaenda kutafuta mkasi wa kucha.