Dawa za Agnes

Nesi Gloria alisoma majibu ya damu ya Agnes, iliyochukuliwa na mhudumu nyumbani, akavua miwani, akasoma tena.

"Virusi vimerudi kwa wingi," alisema. "Miaka yote huyu mama tukimpima havionekani. Mwaka juzi tu nilimwambia atazeeka kama mtu mwingine yeyote. Sasa hii ni nini?"

Tukuswiga alikaa kwenye benchi la kliniki pale Vwawa, mfuko wa dawa za dada yake mapajani. Alikuwa anatazama sakafu.

"Dawa anakunywa?"

"Anakunywa, nesi. Namnywesha mimi mwenyewe, kila asubuhi, na chai."

Nesi akaamini. Angemwamini nani kama si huyu? Wengine wanaochukulia ndugu zao dawa husahau tarehe, wakija wanakuja na visingizio. Tukuswiga hakukosa hata mara moja, iwe mvua, iwe jua.

"Wiki ijayo mlete mwenyewe, hata kwa kubebwa," alisema nesi. "Kinga imeshuka sana, dada. Nikikuficha nitakuwa nakudanganya. Hali hiyo inaua."

Huko nyumbani, kijijini Ruanda, habari ya Agnes kufa ilikuwa imechakaa. Mwaka aliomzika mumewe walisema havuki msimu wa kahawa. Baba yake akagawa mibuni ya Agnes kwa kaka zake, naye mwenyewe yumo chumba cha pili, anasikia kila neno. Wakamtengea sahani na kikombe. Aliyekuwa akitumwa kukiosha kikombe hicho, kando, kwa majivu, kisichanganyike na vya wenzake, ni Tukuswiga, wakati huo binti mdogo.

Kisha dawa zikaja, na Agnes akainuka. Akadai mibuni yake, mstari kwa mstari, mpaka ikarudi yote. Siku moja alisimama kanisani akataja ugonjwa wake kwa jina, akawaambia, "Nyie mnaonitengea kikombe, nitawazika mmoja mmoja." Na kweli, alimzika baba, na wale kaka akawazika. Watu wakamwogopa kidogo, kisha wakamzoea.

Kilichokuja kumshinda ni macho. Mtoto wa jicho alimfunika yote mawili, ikawa hatofautishi kidonge na punje ya mahindi. Ndipo Tukuswiga alipofunga kibanda chake cha vitenge huko Tunduma, akaja kumwangalia. Alirudi amekonda, mashavu yameingia ndani. Watu wakasema ni vumbi la mpakani, na kukimbizana na wateja wa Zambia tangu alfajiri. Hewa ya nyumbani ikamkubali. Alinenepa, akang'aa, mpaka Kefa, mzee wa kanisa aliyefiwa na mke, akaanza kupita kila siku kuulizia hali ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa akicheka: "Huyo mzee hanijii mimi."

Siku hizi Agnes hacheki. Mdomo umejaa vidonda, na kikohozi hakimwachi.

Kefa alikuwa akimsubiri Tukuswiga pale wanaposhukia abiria.

"Tuku, mchungaji ameniuliza tena," alisema wakiwa njiani. "Bila cheti cha kupima damu hatusomi tangazo la ndoa. Changu nimeshapeleka. Bado wewe tu."

"Kefa, dada yangu anakufa. Nimwache kitandani nikahangaikie harusi?"

Kefa akaona haya. Alimpokea mzigo akaubeba mpaka mlangoni, na jioni akaenda kumsimulia mchungaji ni mwanamke wa moyo gani aliyempata. Akina mama wa kanisa nao wakasema wazi kwamba kila nyumba ingekuwa na Tukuswiga, makaburi yasingejaa hivi.

Jumapili asubuhi kengele ilipogonga, Agnes aliomba akalishwe. Tukuswiga alimwinua. Hakuwa na uzito wowote.

"Mibuni yangu mipya imefikia wapi?"

"Kiunoni, dada."

"Yule nesi alinidanganya. Aliniambia nitazeeka, na mimi mjinga nikaenda kupanda mibuni. Miaka yote nilikuwa napanda maharage tu, kitu cha kuvuna upesi kabla sijafa. Sasa naitamani, mdogo wangu. Hata nisipoiona, niishike tu punje yake moja ikiwa nyekundu."

"Utaishika."

"Lete basi dawa." Alikipokea kidonge kwa ulimi, akakunja uso. "Chungu. Zamani hazikuwa chungu hivi."

"Wamebadilisha kiwanda."

"Haya. Bora zifanye kazi." Alitafuta mkono wa mdogo wake, akaupata, akaushika. "Ila nikifa usijilaumu. Mwenzangu ulikiosha kikombe changu wakati hakuna aliyetaka kukigusa. Mungu anakuona."

Tukuswiga alilia. Alilia kweli, kwa uchungu, kamasi na machozi pamoja, kwa sababu alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani. Alimshikia chai mpaka alipomeza, akamfuta mdomo, akamlaza.

Kisha akatoka, akazunguka nyuma ya jiko. Akaficha chini ya tofali pakiti ya vidonge vya maumivu aliyonunua dukani, akafungua kichupa cha kliniki, akameza dawa ya Agnes.